Poda ya Mgongoni

Nianze na aibu yenyewe, tumalizane nayo mapema. Mimi niliwahi kupakwa poda ya ushindi bila kushinda chochote. Nikatembea nayo kutoka chuoni mpaka kwetu Kamalondo, nikapigiwa honi, nikapigiwa vigelegele, na sikumwambia mtu hata mmoja kwamba sikuwa nimefanya kitu. Leo nayasema haya huku nacheka. Wakati ule sikucheka.

Kwa asiyekaa Lubumbashi nieleze kidogo. Kwetu mwanafunzi akitetea mémoire yake, yaani ile kazi ndefu ya kumalizia chuo, na walimu wakaikubali, wenzake wanamsubiri mlangoni na makopo ya poda ya watoto. Wanammwagia kichwani mpaka nyusi zinapotea. Halafu anarudi kwao kwa miguu hivyo hivyo, mweupe kama mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusagia unga, na hakuna anayemcheka. Magari yanapiga honi. Wamama wanaacha biashara zao wanamshangilia hata kama hawamjui. Ni cheti kabla ya cheti.

Sasa mimi, mémoire yangu ilikuwa imekwama, na huo ulikuwa mwaka wa pili tangu ikwame. Nilichagua kuandika juu ya wamama wanaouza samaki wakavu kwenye barabara ya Kasomeno. Nilikwenda kule, nikakaa nao juma zima, nikajaza daftari zima kwa maneno yao. Nikarudi nyumbani, nikalitia daftari kwenye mfuko wa plastiki, nikapiga fundo, nikausukuma chini ya kitanda. Sikuufungua tena.

Usifikiri nilikuwa nimekaa bure, hapana! Nilikuwa na kazi nyingi sana. Niliandika kwanza ukurasa wa kuwatunukia wazazi wangu kazi hii. Nikaurudia mara nane mpaka nikalia mwenyewe. Kisha nikaandika shukrani: kwa Mungu, kwa baba na mama, kwa wajomba wa Kasai ambao sijawahi kuwaona, kwa wanakwaya wenzangu, kwa majirani. Kurasa tatu nzima, watu wote hao nawashukuru kwa kazi ambayo haipo. Baada ya hapo nikaanza kubadilisha umbo la herufi. Umeme ukikatika, nasema nitaandika vipi gizani? Ukirudi, nasema kwanza nichaji simu, na simu ikishajaa inataka kutazamwa. Jioni nasema kesho na mapema. Asubuhi nasema tumbo tupu halifikiri. Na ile methali ya haraka haraka haina baraka, niliitumia vibaya mpaka ingekuwa mtu ingenipeleka polisi.

Watu wanapenda kusema ni uvivu. Mimi sikuwa mvivu. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kufungua lile fundo nikakuta kwamba juma langu lote la Kasomeno ni porojo za sokoni, na kwamba mimi si mtu wa kuandika kitu. Maadamu sijaanza, bado ningeweza kuwa hodari.

Basi ikafika siku rafiki yangu alipotetea ya kwake. Tulianza chuo pamoja, yeye akamaliza, mimi nikaenda kumbebea mkoba na kupiga makofi. Alipotoka wakamvamia. Poda ikaruka kama vita. Mimi niliyekuwa kando yake nikageuka kuficha macho, ikanipata yote mgongoni na mabegani. Tukakumbatiana, tukapiga picha, familia yake ikamchukua. Mimi nikashika njia peke yangu.

Sikuwa hata nimefika barabara kubwa, kijana wa pikipiki akapita akipiga kelele za hongera, "Félicitations, mama!" Nilifungua mdomo nimsahihishe, akawa ameshapotea. Mbele kidogo mama muuza mahindi ya kuchoma akanisimamisha, akanipa hindi moja, akakataa malipo. "Kula, mutoto yangu. Umeteswa na masomo, sasa kula." Ningesema nini? Nilikula. Mungu anisamehe, na lilikuwa tamu.

Nilijiambia nikifika nyumbani nitajikung'uta mlangoni kabla mama hajaniona. Wapi! Habari zilishanitangulia. Nilipoingia kwenye lupango, yaani kiwanja chetu cha nyumba, mama alikuwa amesimama katikati ya uwanja mikono kichwani. "Maweja wanyi! Maweja wanyi!" akamwita Mungu wa kwao Kasai. Kisha akavua kitenge chake cha juu, akakitandika chini, kwenye udongo ule mwekundu, ili nipite juu yake.

Asiyejua ajue kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo mama anaweza kukupa. Anatandikiwa bibi harusi, anatandikiwa askofu. Majirani walikuwa wamejaa getini wanapiga makofi. Mama alikuwa anacheza huku analia, na mguu wangu ulikuwa hewani. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, "Mama, hapana, si mimi." Muda ulikuwepo kabisa. Nikakikanyaga kitenge.

Baada ya hapo uongo haukunihitaji tena, ulitembea wenyewe. Mama akampigia baba, aliyekuwa Mokambo, mpakani, kwenye biashara yake ya unga, kisha akanipa simu. Baba si mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Aksanti, mutoto yangu." Juma lile lile akatuma na lori kitenge kipya, cha bluu na maua ya njano, cha kunishonea nguo ya sherehe. Sherehe itakuwa akirudi.

Nikahesabu. Chuoni kulikuwa kumebaki kikao kimoja tu cha kutetea, wiki saba mbele, na baba angerudi karibu na wakati huo huo. Nikimaliza kabla, labda ningeweza kuupitisha uongo wangu kimya kimya. Nisipomaliza, ningeaibika mimi, na mama yangu angeaibika mbele ya Kamalondo yote, yeye aliyetandika nguo yake chini. Ungefikiri nilikimbilia daftari. Nililala siku tatu nikitazama simu.

Siku ya nne mama akanituma kwa fundi na kile kitenge.

Fundi wetu ni jirani, Mwislamu, babu zake walitoka Maniema. Kibanda chake kinatazama njia, cherehani mbili, pasi ya makaa, na rundo la nguo za watu zinazongoja. Ana kipaji na mkono mwepesi, lakini ahadi zake, ayayaa! Ukimwuliza nguo, ni kesho. Kesho ukija, ni kesho. Kuna mwanamke aliyempelekea kanzu ya ujauzito akaja kuichukua mtoto anatembea. Kwa hiyo nilikwenda nikiwa na tumaini baya: huyu mtu atachelewesha, na sherehe itasogea.

Akanipima mabega, akapima mgongo, akaandika. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na weye utatetea lini?"

"Papa fundi, si nimeshatetea? Hukuniona na poda?"

"Nilikuona. Mi naangaliaka nguo ya bantu siku yote, njo kazi yangu. Poda ya mwenye sherehe inaanzia ku kichwa. Weye nywele zilikuwa nyeusi tiii. Poda ilikuwa ku mugongo. Ile ni poda ya mugeni."

Nilikaa kwenye benchi la wateja nikalia vibaya sana, kamasi na yote. Hakunibembeleza. Alinipa kipande cha bitana nijifute, akaendelea kufunga uzi. Nilipotulia nikamwambia kila kitu: daftari, fundo, shukrani za kurasa tatu, kitenge cha mama. Nikamwomba asimwambie mtu.

"Sitasema," akasema. "Lakini mficha uchi hazai, mutoto yangu, ile unaijua. Na hii kitambaa sikati. Siku utaleta kazi yako imemalizika, njo nitatia mukasi."

Nikakasirika, nakiri. Nikamwambia yeye ni nani wa kunifundisha habari za kumaliza, yeye ambaye neno "kesho" amelisema mara nyingi kuliko salamu. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka miwani ikashuka puani.

"Njo sababu minaijua," akasema. "Unazani minachelewesha nguo nyepesi? Zile minashona mbio. Inabakia tu ile inaniogopesha. Ile kitambaa ya bei, ile mwenyewe iko mukali. Kila siku inakaa pale, kila siku minaiogopa zaidi." Akanyosha kidole. Juu ya rundo kulikuwa na koti la bluu iliyokolea, mikono haijaunganishwa. Lilikuwa la mzee mmoja wa kanisa, na fundi alikuwa amelikosea bega tangu kipindi cha mvua. Kila mzee akipita njiani, yeye alijificha nyuma ya pazia. Mtu mzima! Nikacheka huku machozi hayajakauka.

Tukapatana palepale, kama watoto wawili walioiba embe moja. Yeye kila siku anasali adhuhuri, anarudi, anashona mpaka alasiri. Katikati ya sala hizo mbili mimi nitakaa kwenye meza ya cherehani ya pili, ile mbovu. Simu yangu itaingia kwenye kopo la vifungo. Yeye ataanza na koti, mimi na daftari. Tusianze na kitu kingine chochote.

Siku ya kwanza nilifungua lile fundo kwa meno, limekaza kiasi hicho. Nikasoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, nikakuta wamama wa Kasomeno wanaongea vizuri ajabu. Mmoja alikuwa ameniambia namna anavyojua samaki atakayeoza kabla ya kufika mjini, kwa kumnusa chini ya shavu. Mwingine alieleza wanavyopokezana zamu ya kulinda mizigo. Yote yalikuwamo. Ilikuwa imebaki kuyapanga tu. Nilikaa na kitu hicho chini ya kitanda zaidi ya mwaka nikikiogopa, na kilikuwa chakula kilichoiva! Nilitaka kujipiga kofi.

Lakini kusoma ni kitu kimoja, kuandika ni kingine. Adhuhuri mpaka alasiri siku ile niliandika mistari minne, nikafuta mitatu. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye kopo la vifungo wenyewe, kama mkono wa mlevi. Fundi akagonga meza kwa mkasi bila kugeuka. Siku ya pili, nusu ukurasa. Siku ya tatu nikamwambia nimeandika upuuzi, bora nianze upya. Alikuwa anafumua bega la lile koti kwa wembe, uzi mmoja mmoja.

"Uniangalie," akasema. "Ile nilishona mubaya, minafumua, minarudilia. Sasa ile sijashona, nitafumua nini?"

Nikarudi kwenye upuuzi wangu. Uliokuwa mbaya niliunyoosha kesho yake. Siku zilivyokwenda nikazoea kelele zote: pasi inayopulizwa, wateja wanaogombana, redio. Nyumbani kimya kilikuwa kinanishinda, kumbe nilihitaji mtu karibu yangu anayeteseka kama mimi. Alasiri ikifika, sauti ikatoka msikitini, tulikuwa tunaacha hata kama sentensi haijaisha. Na hiyo ilinisaidia kuliko chochote. Kesho yake nilijua pa kuanzia.

Juma la tatu mzee wa kanisa akachukua koti lake. Alilivaa, akajigeuza mara mbili mbele ya kioo, akasema limemkaa vizuri. Alipoondoka, fundi alikaa chini akafuta jasho kama aliyetoka mahakamani.

Juma la nne nilikuwa na sura mbili tayari. Ningeweza kunyamaza na kumaliza. Lakini Jumamosi moja asubuhi mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uwanjani, akaniita. "Ile picha ya siku ulitetea, weye na balimu, iko wapi? Minataka itiwe ku mualiko."

Nikamtazama. Alikuwa na majani ya sombe mapajani, uso umefurahi. Nikajua kwamba ningeweza kudanganya tena, hata maneno yalishakuja: simu ya rafiki yangu imeharibika. Yalikuwa tayari mdomoni. Na nilichoka nayo. Nilichoka kabisa.

"Mama, hakuna picha. Sikutetea. Ilikuwa poda ya rafiki yangu."

Aliendelea kuchambua majani mawili, matatu. Kisha mikono ikasimama.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Na kitenge yangu? Ulikanyaga kitenge yangu?"

"Ndiyo, mama."

Sitaandika yote aliyonitukana, mengine yalikuwa kwa Kiluba na yalinihusu mpaka siku niliyozaliwa. Alikuwa na haki. Alilia kwa hasira, akatupa beseni. Nilipotaka kumshika akauondoa mkono wangu. Halafu akajifunga kitenge vizuri, akavaa kandambili, akaniambia, "Twende."

"Wapi, mama?"

"Kwa bantu. Mi niliwaambia uongo, haukuwa wangu, lakini kinywa ilikuwa yangu. Utasema weye mwenyewe. Mi nitasimama pembeni."

Tukapita lango kwa lango. Mama anabisha, anasalimia, ananisogeza mbele, anakunja mikono. Mimi nasema: sikutetea, ilikuwa poda ya mwenzangu, bado naandika, mnisamehe. Lango la kwanza sauti haikutoka, mama akasema, "Haujasikilikana." La pili mama wa nyumba alicheka mpaka akashika ukuta. La tatu mzee mmoja akanihubiria juu ya vijana wa siku hizi nikiwa nimesimama juani. Na lango la nne nikajishika nikipumua. Kupumua tu, mpaka chini kabisa ya tumbo. Sikujua kwamba muda wote ule nilikuwa napumua nusu. Nilikuwa nimeaibika Kamalondo nzima, na nilikuwa mwepesi! Ningeweza kwenda malango mengine kumi.

Baba tulimpigia jioni hiyo. Nikamwambia yote. "Imebakia kurasa ngapi?" akauliza.

"Kama ishirini, papa."

"Basi, andika." Akakata. Kuanzia siku ile alipiga kila siku kuuliza swali hilo moja tu, kumi na nane, kumi na tano, kumi na moja, na sikuwahi kungoja simu ya mtu kwa furaha kiasi kile.

Nilimaliza siku tano kabla ya kikao. Fundi aliinua kurasa zangu, akazipima mkononi kama anayepima nyama, kisha akatandaza kitambaa cha bluu na kutia mkasi mbele ya macho yangu. Zile kurasa tatu za shukrani nilizipunguza mpaka mistari mitano.

Siku ya kutetea baba alikuwa bado Mokambo, na mama alikataa kuja. Alisema ana kazi. Nilijua si kazi, na sikumsihi. Wenzangu niliwaomba wasilete poda, wakaguna, wakakubali. Mbele ya walimu nilieleza kazi yangu. Mmoja akaniuliza kwa nini wamama wale hawaungani wakanunua gari lao, akidhani amenibana, nami nikamjibu kwa maneno ya mama mmoja wa Kasomeno ambaye gari kama hilo lilimletea talaka. Walimu wakacheka, wakaandika. Wakatutoa nje, wakatuita tena, wakasema imekubaliwa, na alama nzuri.

Nilirudi kwa miguu. Hakuna honi, hakuna hindi, mtu anapita kama watu wengine. Mama alikuwa jikoni uwanjani anasonga bukari, mwiko mkononi. Aliniona nikiingia, hakusogea.

"Basi?"

"Nimemaliza, mama."

"Kweli?"

Hakuwa ameniuliza hivyo hata mara moja tangu utotoni. Nikisema nimenawa, nimenawa. Nikisema nimesali, nimesali. Neno dogo lile lilinichoma, na nilijua nitalisikia tena mara nyingi, na nililistahili. Lakini mara hii nilikuwa na cha kulijibu.

"Kweli, mama."

Akanitazama machoni muda mrefu, moshi ukimpita usoni. Kisha akashusha pumzi, akageukia sufuria, akaniambia ninawe mikono tule kabla bukari haijapoa.